Wapanda mlima na wapanda mawimbi: maji ya Karanga yanaishia wapi?

Mgumu_wa_Mweka (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Mimi ni mtu wa mlima, Kilimanjaro. Nilianza na ugumu, yaani kubeba mizigo ya wageni, siku hizi naongoza. Julai iliyopita nilipandisha kundi kwa njia ya Machame. Siku ya nne tukafika bonde la Karanga. Kwa wasiopanda: hapo ndipo maji ya mwisho. Ukishapita, kambi ya Barafu hakuna hata tone. Chai yote inayonywewa kule imepanda mgongoni kwa mgumu kutoka kijito hicho, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari.

Kulikuwa na mzee mmoja wa California, miaka sitini na kitu, mtu wa kuteleza mawimbini na ubao toka utotoni. Akajaza chupa yake, akaniuliza: haya maji yanakwenda wapi? Nikamwambia yanashuka Moshi, yanapita chini ya daraja la Karanga, barabara ya Arusha. Akauliza, halafu?

Wakuu, nilikwama. Nimekulia Soweto ya Moshi, mto ule nimeuoga, nimechapwa kwa ajili yake, na sijawahi hata siku moja kujiuliza "halafu".

Usiku kwenye hema la chakula akanieleza. Kwao watu wa mawimbi walianza kuuliza swali hilo kwa sababu walikuwa wanaugua. Hapo ndipo nilipomwelewa, maana nilidhani ni watu wa starehe tu. Mvuvi yuko juu ya maji. Mwogeleaji anaingia nusu saa anatoka. Huyu wa ubao anakaa humo asubuhi nzima, anapinduliwa, maji yanamwingia puani, masikioni, mdomoni. Kama kuna bomba la choo linamwaga karibu, yeye ndiye wa kwanza kulionja.

Kaskazini mwa California kuna ghuba inaitwa Humboldt. Viwanda viwili vya rojo la karatasi vilikuwa vinamwaga maji taka baharini hapo. Watu wakitoka kuteleza macho mekundu, ngozi inawasha, kichefuchefu. Chama chao, Surfrider Foundation, kilichoanzishwa Malibu mwaka 1984, kikakusanya ushahidi na kufungua kesi. Mwaka 1991 viwanda vikakubali kulipa faini ya dola milioni 5.8 na kurekebisha mifumo yao. Makosa yaliyohesabiwa yalizidi 40,000. Watu wa ubao hao, wakuu.

Sasa kisa changu. Desemba nilikwenda harusini Pangani. Asubuhi nikasimama mlangoni mwa mto natazama kivuko kinavuka kwenda Bweni. Ramani nilishaichimba: Karanga unaingia Weruweru, Weruweru unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unamwaga bwawa la Nyumba ya Mungu, na mto unaotoka bwawani ndio huo Pangani. Yaani maji yaliyopita kwetu yanakuja kufia pale miguuni pangu. Nikainamisha macho, miguuni pangu pana chupa tupu ya maji, lebo ina picha ya mlima wetu.

Nilijisikia kama mtoto aliyekutwa na mwenye shamba, ndizi mkononi.

Kule juu sisi tunapimiwa taka. Kambini na getini mfuko unawekwa kwenye mizani, kilo zikipungua kiongozi anaulizwa umeacha wapi. Chupa za plastiki za kutupa haziingii hifadhini. Halafu tunashuka mjini, tunavuka daraja la Karanga lililojaa uchafu, na hakuna anayeona ajabu. Kwa nini wenzetu wa mawimbi waliweza kwenda mpaka mahakamani, sisi wa mlima tunaishia getini?

ChaliiWaNgarenaro

Naweka kambi hapa. Ila bila picha ya hiyo chupa uzi haunogi.

Mangi_Mstaafu

Kijana umeandika vizuri, lakini mzee wako hajakwambia yote. Ubao anaotelezea ni povu la mafuta ya petroli lililopakwa gundi kali ya kemikali. Nguo yake ya mpira nayo ni hivyo hivyo. Na wimbi zuri likitokea Indonesia anapanda ndege kulifuata. Mwaka 2005 kiwanda cha California kilichokuwa kinauza sehemu kubwa ya hayo mapovu huko Marekani kilifungwa ghafla, na mwenyewe alilalamika kuhusu masharti ya mazingira na usalama. Sasa mtu wa namna hiyo anatufundisha nini?

Nimefanya kazi serikalini miaka mingi. Nimeona wageni wengi wanakuja na huruma ya sehemu wanazopenda kuchezea tu. Pwani nzuri wanailinda. Dampo la Kahama hawalijui.

Mgumu_wa_Mweka

Shikamoo mzee. Hilo la ubao nilimuuliza mwenyewe, maana nilikuwa nimebeba begi lake la plastiki tupu. Alicheka, akasema ni kweli. Lakini mzee wangu, mtu kulinda anapochezea ni kosa? Sisi tungelinda tunapokula tu, ingekuwa hatua.

Mangi_Mstaafu

Marahaba. Sijasema ni kosa. Nimesema asitufanye wanafunzi.

Maji_Hayana_Dini

Mleta mada, nakusahihisha kwa heshima, mimi nipo kwenye mambo ya maji. Njia ya mito umeitaja sawasawa, ongeza tu Themi na mito mingine ya Arusha mjini, nayo inaishia Kikuletwa. Lakini chupa yako si ushahidi. Maji yenye picha ya mlima yanauzwa mpaka Mtwara. Chupa hiyo inaweza kuwa imetupwa na abiria wa kivuko dakika tano kabla hujafika, au imetoka Korogwe, au imeletwa na bahari yenyewe.

Pili, katikati kuna Nyumba ya Mungu. Bwawa la miaka ya 1960, maji yanatulia humo. Chupa ya Karanga ikifika pale inaelea, upepo unaisukuma kwenye matete, inaishia hapo. Ukitaka kuona taka zetu usiende Pangani, nenda ukakae na wavuvi wa perege bwawani siku wanakung'uta nyavu. Halafu chini kuna mabwawa mengine ya umeme, Hale na Pangani yenyewe. Sisemi hakuna kinachopita. Nasema usijihukumu kwa chupa moja.

ChaliiWaNgarenaro

Kwa hiyo uchafu wa Chuga wanauvua watu wa Nyumba ya Mungu, halafu perege anarudi Soko Kuu tunamla. Aisee. Mzunguko umekamilika.

Mgumu_wa_Mweka

Mkuu Maji, nimekubali. Chupa naifuta kwenye kesi.

Bint_Pangani

Msiifute haraka. Mimi ni wa Pangani, niko Moshi kikazi mwaka wa saba, na huwa nawasikiliza watu wa huku mkizungumzia bahari kama nchi ya nje.

Huyo kaka wa maji amesema bwawa linazuia chupa. Sawa. Na mchanga je? Ufukwe si kitu cha kuwekwa pale na Mungu kikakaa. Ufukwe unaliwa kila kusi na unalishwa na mto. Maji ya mto yanateremka na mchanga na udongo kutoka kwenu milimani, yanaumwaga mlangoni, mawimbi yanausambaza. Mkiuzuia juu, huku bahari inaendelea kula tu, hailishwi. Sisemi bwawa ndilo lililotumaliza peke yake. Kuna watu waliokata mikoko, waliochimba mchanga wa kujengea, na bahari yenyewe inapanda. Lakini msiniambie mlima haumo.

Na maji nayo. Mnamwagilia huku, mnazalisha umeme, mto unafika kwetu umechoka. Mto ukichoka bahari inapanda mto. Visima vya karibu na mto vikaingia chumvi. Babu yangu alikuwa na minazi ng'ambo ya Bweni. Mnazi ukifa hauanguki kwanza. Makuti yananyauka kutoka chini, kichwa kinainama, siku moja kinadondoka, mti unabaki umesimama kama nguzo ya umeme isiyo na waya. Mingine ni maradhi, najua. Ile ya kingoni ilikuwa ni chumvi, tulikuwa tunaionja kwenye maji ya kisima.

Muulizeni mzee yeyote wa Pangani kuhusu kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na mivinje, kasa wanataga. Leo ni fungu la mchanga. Watalii wanapelekwa maji yakiwa yamepwa, na wanarudishwa kabla hayajajaa kwa sababu hakuna pa kusimama.

Mkulima_wa_Kahe

Dada pole kwa minazi. Lakini nani ataniambia mimi nisifungulie mfereji mahindi yakikauka?

Bint_Pangani

Sijakuambia usifungulie kaka. Nakuambia ujue yanapokuwa hayafiki.

Mgumu_wa_Mweka

Dada umenikumbusha kitu ambacho mzee yule alinisimulia na sikukielewa. Kumbe alikuwa anazungumzia hili hasa.

Kusini mwa California kuna mji unaitwa Ventura, na mbele yake mawimbi maarufu, pale panaitwa Surfers' Point. Mto Ventura unashuka kutoka milimani na mawe ya mviringo na mchanga, ndivyo vinavyotengeneza ufukwe na sakafu ya bahari. Wimbi, alinieleza, halivunjiki ovyo. Linavunjika kwa sababu chini yake kuna mwamba au fungu la namna fulani. Ukibadilisha sakafu umelibadilisha wimbi, na ukiiharibu wimbi linakufa kama kijito kilichokatwa. Kuna wimbi la zamani lilikuwa Dana Point, miaka ya 1960 ikajengwa bandari ya maboti, wimbi likaisha. Mpaka leo wazee wanalitaja kama wanavyotaja marehemu.

Sasa Ventura mwaka 1947 walijenga bwawa juu ya mto, Matilija. Likajaa tope na mchanga mpaka likawa kama halina kazi tena. Chini ufukwe ukaanza kuliwa, njia ya baiskeli na maegesho ya magari vikaanza kumeguka baharini. Mji ulitaka kujenga ukuta wa mawe. Watu wa mawimbi wakakataa, wakasema ukuta utalinda maegesho na kuua ufukwe. Walivutana miaka na miaka. Mwisho wake, 2011, maegesho ndiyo yaliyohamishwa, yakarudishwa nyuma, wakajaza mawe ya mtoni na matuta ya mchanga mahali pake. Na mwaka huo huo mtu akapanda usiku akachora kwenye ukuta wa bwawa mkasi mkubwa na mstari wa vidoti, kama unavyoona kwenye pakiti: kata hapa.

Niliposikia ule mkasi nilicheka. Sikufikiria Pangani hata kidogo.

ChaliiWaNgarenaro

Nani ana rangi nyeupe na ngazi ndefu twende Nyumba ya Mungu?

Maji_Hayana_Dini

Hapana jamani. Ukifunga Nyumba ya Mungu kuna maelfu ya watu wanaoishi kwa perege, na umeme. Tusiletee watu Ventura hapa.

Mangi_Mstaafu

Ila hiyo ya kuhamisha maegesho badala ya kujenga ukuta ni akili. Naandika pembeni.

Wakili_wa_Kichochoroni

Nimechelewa, mahakama zilinishika. Mleta mada aliuliza kwa nini wenzetu walienda mahakamani na sisi hatuendi. Mkuu, sisi tulikwenda kabla yao.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishinda Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu juu ya dampo lililokuwa linawafukizia moshi na harufu. Jiji likabeba taka zake likaenda kuzimwaga Kunduchi Mtongani. Pwani hiyo, wakuu. Wakazi wa Kunduchi nao wakaenda mahakamani, wakashinda 1991. Mwaka ule ule wa hao watu wa Humboldt. Na hoja yao haikuwa ya kitaalamu. Walisimama kwenye Katiba ibara ya 14, haki ya kuishi: mtu anayevuta moshi wa taka usiku na mchana haki yake ya kuishi imeguswa.

Leo ni rahisi zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na inakuruhusu wewe uliyeoga Karanga utotoni kwenda mahakamani kuidai, si lazima uwe na shamba pale. Sheria hiyo hiyo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Chukueni futi kamba mkapime pale darajani, mtarudi mnacheka au mnalia.

Kuhusu mawimbi, nchi niliyoipenda ni Peru. Mwaka 2000 walitunga sheria ya kulinda mawimbi yenyewe, namba 27280. Wimbi linaandikishwa kama kiwanja kinavyopimwa, likishaandikishwa huwezi kujenga gati linaloliharibu. La kwanza kuandikishwa lilikuwa Chicama, 2016, wimbi ambalo mtu anateleza kwa umbali ambao hapa ungepanda bodaboda. Na jambo moja la kumjibu mzee Mangi: huko Huanchaco wavuvi wanarudi nchi kavu wamepanda mawimbi juu ya mitumbwi ya matete, kazi ya mababu zao. Kwa hiyo wimbi si la mtalii tu. Na huko nako mchanga unawasumbua: bandari ya Salaverry kusini yao ina ukuta unaozuia mchanga kupita, fukwe za kaskazini zinaliwa.

La mwisho, njia ya kufika ufukweni. Kusini mwa San Francisco tajiri mmoja alinunua ardhi ya Martins Beach akafunga geti. Watu wa mawimbi wakamshtaki. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kusikiliza rufaa yake. Mnaokwenda Zanzibar na Dar mnajua mageti ya kwetu. Mwaka juzi mlinzi wa hoteli moja alinifukuza kwenye mchanga wenye maji ya chumvi bado yanatiririka miguuni. Nikamsomea sheria. Akaniambia, "Bosi, mimi nalipwa kwa siku."

Bint_Pangani

😂 Huyo mlinzi kashinda kesi.

Mtu_wa_Kusi

Nipo Kigamboni, nimepitia tu. Kusi ikianza watoto wa huku wanateleza na vipande vya mbao za ngalawa, hawajui kama kuna chama wala sheria. Wakitoka majini na vipele wanapakwa mafuta ya nazi, maisha yanaendelea.

Halafu mmewasahau Waingereza. Pale Cornwall, 1990, maji ya vyooni yalikuwa yanamwagwa baharini bila kusafishwa. Wapanda mawimbi wa vijiji vitatu wakaanzisha Surfers Against Sewage. Wakawa wanakwenda kwenye mikutano wamevaa nguo za mpira na vinyago vya gesi, wamebeba kinyesi kikubwa cha kupuliza hewa. Kinyesi! Mawaziri wanakikwepa mbele ya kamera. Wewe ungeenda ofisi ya mazingira na kinyesi cha puto, ungerudi nyumbani?

ChaliiWaNgarenaro

Ningerudi baada ya siku kumi na nne 🤣

Mama_Ndizi_Mbuyuni

Wanangu nawasoma toka jana. Mmekwenda Peru mmekwenda Marekani, sasa rudini sokoni. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019 tukashukuru, mitaro ilipumua. Leo mteja akija na ndizi zake anataka kifuko cha kuona-ndani, kile cha kufungia karanga, nisipompa anahamia kwa jirani. Na mtoni hakuna rambo siku hizi. Kuna pampasi. Pampasi ndiyo rambo mpya. Mama mdogo wa chumba kimoja, gari la taka halifiki kichochoroni, pampasi ya mtoto aiweke wapi? Wapanda mawimbi wenu walikuwa na kiwanda cha kumshtaki. Sisi tumshtaki nani, mtoto?

Wakili_wa_Kichochoroni

Mama, hapo nimekosa kifungu.

Mgumu_wa_Mweka

Mama shikamoo. Naomba nijibu kwa vitendo. Jumamosi saa moja asubuhi daraja la Karanga. Nimeongea na wagumu wenzangu, kazi hakuna, ni msimu wa masika. Tunakuja na glavu, mifuko ya salfeti, na mizani ya kunyongea, ile ile tunayopimia mizigo. Tunaokota, tunapima, tunaandika, kama mlimani. Wakili aje na futi kamba.

Mangi_Mstaafu

Nitakuja. Nitakaa kwenye kiti.

Maji_Hayana_Dini

Msiingie mtoni kama kumenyesha juu usiku. Karanga unaweza kuwa mtulivu Moshi mjini huku mafuriko yapo njiani.

Mgumu_wa_Mweka

Mrejesho wa Jumamosi, niliahidi.

Tulikuja kumi na wanne. Mzee Mangi alikuja kweli, na kiti chake, ndiye aliyekuwa karani. Kwa saa tatu tulitoa kilo 212. Mama Ndizi alisema kweli: nusu na zaidi ni pampasi, zimelowa, moja inapita kilo mbili, zimenasa kwenye mizizi ya mkuyu kama mizinga ya nyuki. Chupa zilikuwa chache kuliko nilivyodhani, watoto wa chuma chakavu wanazichukua kabla hazijafika majini. Viatu vya mguu mmoja, kumi na moja. Fimbo ya kupandia mlima, moja, imevunjika. Hiyo ni yetu, siwezi kumsingizia mtu.

Wakili alipima kutoka ukingoni. Futi kamba ya mita 50 haikuhitajika kuisha.

Saa nne hivi akaja kijana na toroli limejaa. Akatuona, akasimama. Tukamwona, tukasimama. Anakusanya taka za nyumba kama thelathini, kila nyumba inampa mia tano kwa wiki. Hakukimbia wala hakutukana. Aliangalia mizani, akaangalia rundo letu, akauliza kwa upole kabisa: "Sasa bro, hizi nimwage wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Dampo liko mbali, mafuta ya gari yanazidi alichokusanya. Mwisho tulichanga, tukakodi kirikuu, taka zake zikapanda pamoja na zetu. Mzee Mangi akaziandika mstari wa peke yake: toroli, kilo 64, mwenyewe yupo.

Amesema Jumamosi ijayo anapita tena saa nne.

Bint_Pangani

Niandikeni jina. Nakuja na gambuti.